Kazantzakis: uanze na Zorba au na Manolios?

Anayetaka kumsoma Nikos Kazantzakis kwa mara ya kwanza huelekezwa kwenye vitabu viwili: riwaya ya Zorba, kwa sababu ya filamu, na ile ya jaribu la mwisho la Kristo, kwa sababu ya kelele za makanisa. Vyote viwili ni vitabu vikubwa, lakini havifai kuwa vya kwanza. Cha kwanza watu hukisoma wakitafuta ngoma, cha pili wakitafuta kashfa, na wakishakosa walichokifuata huweka kitabu chini. Mlango mpana zaidi ni riwaya ya tatu, ya mchunga kondoo aitwaye Manolios. Hapa tunavilinganisha vitabu vyenyewe, kisha tafsiri zake, maana wengi wetu tutamsoma kwa Kiingereza au Kifaransa, na tafsiri mbovu inaweza kukuharibia mwandishi mzima.

Machache kuhusu maisha yake, yale tu yanayosaidia kuchagua. Alizaliwa tarehe 18 Februari 1883 mjini Heraklion, kisiwani Krete, kisiwa kikiwa bado mikononi mwa Waturuki. Alisoma sheria Athens, kisha kati ya 1907 na 1909 akawa Paris akimsikiliza mwanafalsafa Henri Bergson na kuandika tasnifu juu ya Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani. Kwa Bergson alipata wazo la uhai kama nguvu inayopanda, inayojikwamua kutoka kwenye udongo hadi mmea, mnyama, mtu, na kuendelea. Kwa Nietzsche alipata ujasiri wa kutazama shimo bila kufumba macho. Baadaye wakaongezeka Buddha na Lenin, na Kristo hakumwacha tangu utotoni. Riwaya zilizomfanya ajulikane duniani ni za uzeeni: alianza kuandika Zorba mwaka 1941, akiwa na miaka 58, kisiwani Aegina wakati Ugiriki imevamiwa na watu wanakufa njaa. Zilizofuata aliziandika Ufaransa, nyingi mjini Antibes, kuanzia 1948. Alifariki Freiburg, Ujerumani, tarehe 26 Oktoba 1957.

Kwa hiyo unaponunua riwaya yake yoyote maarufu, unanunua kazi ya mtu ambaye falsafa yake ilikuwa imeshaiva miaka mingi nyuma. Riwaya hizo hazitafuti jibu. Zinalijaribu jibu moja kwa watu mbalimbali: kwamba kazi ya mwanadamu ni kugeuza nyama kuwa roho. Zorba analisema kwa lugha ya jikoni: niambie chakula unachokula unakigeuza kuwa nini, nami nitakwambia wewe ni nani. Kuna wanaokigeuza mafuta na samadi, kuna wanaokigeuza kazi na furaha, na wengine, asema amesikia, hukigeuza Mungu. Shika maneno hayo, kisha vipime vitabu vyote kwayo.

Zorba na Manolios

Zorba kwanza. Msimulizi ni msomi wa miaka thelathini na kitu anayekwenda Krete kufufua mgodi wa makaa ya mawe, huku mkobani ana muswada wake juu ya Buddha. Bandarini Piraeus anamwajiri Alexis Zorba, mzee wa kazi zote, mpiga santuri. (Santuri ya Wagiriki si ile ya gramafoni. Ni ala ya nyuzi nyingi inayolazwa kama kanuni ya taarabu, ila hupigwa kwa vijiti viwili.) Zorba hana nusu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Alikikata mwenyewe kwa shoka enzi za ufinyanzi, kwa kuwa kilikuwa kikimharibia vyungu kwenye gurudumu. Ukurasa huo mmoja unakupa mtu mzima.

Mtu huyo alikuwepo kweli. Jina lake Georgios Zorbas, na yeye na Kazantzakis waliendesha mgodi pamoja huko Mani, Peloponnese, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mwandishi alibadili jina, akahamishia kila kitu Krete, akaongeza kijiji. Anayekwenda Krete kutafuta mgodi wa Zorba anautafuta pasipo wake.

Tatizo la kuanza na kitabu hiki ni kwamba filamu ya 1964, ya Michael Cacoyannis, imeshatangulia kichwani. Watu wanangoja ngoma ya ufukweni. Ngoma hiyo, sirtaki, si ya kale; ilibuniwa kwa ajili ya filamu hiyo. Kitabuni wanakuta kurasa ndefu za msimulizi akihangaika na Buddha, wanaziruka, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu ule muswada ndio hadithi yenyewe. Msomi anaandika ili amtoe Buddha moyoni, na Zorba ni dawa anayoinywa polepole. Ukiruka muswada, unabaki na mzee mchangamfu mwenye methali nyingi.

Wanakuta pia ukatili wasioutarajia. Mjane wa kijiji anauawa mchana kweupe, nje ya kanisa, siku ya Pasaka. Madame Hortense, Mfaransa mzee mwenye nyumba ya wageni, anakata roho huku wanakijiji wanaingia kubeba kuku, sufuria na mashuka, na kasuku wake bado anamwita mpenzi wake wa zamani. Waya wa kuteremshia magogo kutoka mlimani, ambao ndio mradi mkubwa wa Zorba, unabomoka siku ya uzinduzi mbele ya watawa waliokuja kuubariki. Filamu inaishia karibu na hapo, kwenye ngoma. Kitabu kinaendelea: wawili wanaachana, zinakuja kadi na barua kutoka nchi za mbali, na mwisho taarifa kwamba Zorba amekufa Serbia, amesimama dirishani, kucha zimeng'ang'ania fremu. Asiyefika huko hajakisoma.

Sasa Manolios. Kichwa cha Kigiriki maana yake ni Kristo Anasulubiwa Tena. Kijiji ni Lykovrisi, Anatolia, chini ya Aga, mtawala wa Kituruki anayekunywa raki barazani kwake na kuwaacha Wakristo wajiendeshee mambo yao. Kila baada ya miaka saba wanakijiji huigiza mateso ya Yesu. Wazee, wakiongozwa na kasisi Grigoris, wanagawa nafasi mwaka mmoja kabla: Manolios awe Kristo, mchuuzi Yannakos awe Petro, mwenye mkahawa Kostandis awe Yakobo, Michelis mtoto wa tajiri awe Yohana, mjane Katerina awe Magdalene, na mtengeneza matandiko ya punda, Panayotaros, apewe Yuda kwa nguvu, kwa sababu ana ndevu nyekundu. Wanaambiwa wajiandae mwaka mzima kwa kuishi kama wahusika wao. Wanatii. Hilo ndilo linaloleta balaa.

Maana kabla hawajaanza hata kujizoeza, wanafika wakimbizi wa kijiji kilichochomwa, wakiongozwa na kasisi Fotis. Wamebeba bendera, ikoni, na mifupa ya mababu zao kwenye gunia. Wanaomba ardhi isiyolimwa. Mwanamke mmoja wa wakimbizi anaanguka na kufa kwa njaa mbele ya umati. Kasisi Grigoris anaona wanakijiji wake wanaanza kulegea moyo, ananyoosha mkono na kupaza sauti: kipindupindu! Umati unatawanyika. Neno moja, na watu wenye ghala zilizojaa wamepata sababu ya kutotoa mkate. Sijui ukurasa mwingine wa Kazantzakis unaoeleza kwa ufupi hivyo jinsi uovu unavyofanya kazi: si kwa chuki, bali kwa kuwapa waoga kisingizio cha afya.

Kuanzia hapo kila mmoja anageuka kuwa mtu aliyepangiwa. Na igizo lenyewe halichezwi kamwe. Linakuwa kweli usiku wa Krismasi, kabla siku yake haijafika.

Kwa nini tunaiweka hii mbele ya Zorba? Kwanza, msomaji anayeijua Injili ana ramani mkononi tangu sura ya kwanza, na anaweza kuona pale mwandishi anapoiacha njia. Muumini wa Kiorthodoksi wa Kenya au Uganda ataongeza na ibada za Juma Kuu anazozijua kwa macho. Pili, falsafa yote imo, lakini imevaa matukio: ardhi, mahindi, hongo, hukumu. Hakuna muswada wa Buddha wa kuruka. Tatu, ina mwendo. Aliiandika 1948 kwa muda mfupi, na kasi hiyo inaonekana.

Ina udhaifu wake. Watu wake ni wazito upande mmoja: Grigoris ni mlafi tangu mwanzo hadi mwisho, Fotis ni mtakatifu hata anapokohoa. Zorba ni mtu. Fotis ni sauti. Ukipenda zaidi mhusika asiyetabirika kuliko hadithi inayokubeba, basi puuza ushauri wetu na uanze na Zorba, mradi usiruke kurasa.

Kapteni Michalis

Hii ni riwaya ya Krete yenyewe, ya uasi wa 1889, na shujaa wake ana jina la baba wa mwandishi. Kapteni hapa si nahodha wa meli wala cheo cha jeshi. Ni kiongozi wa waasi wa milimani. Yupo mzee Sifakas, baba wa Kapteni, ambaye uzeeni kabisa anajifunza herufi kwa mjukuu wake, si ili asome, bali aweze kuandika ukutani maneno matatu tu anayoyataka: uhuru au kifo. Anashika kopo la rangi na brashi, anazunguka kijijini akiyaandika kila mahali. Sehemu hiyo peke yake inatosha bei ya kitabu.

Lakini ina watu wengi mno, majina ya Kituruki na ya Kigiriki yanarundikana katika sura za mwanzo, na asiyejua lolote kuhusu Krete atachoka. Andika majina kwenye karatasi na uiweke ndani ya jalada. Ukishavuka theluthi ya kwanza, huihitaji tena.

Jaribu la mwisho

Hiki ndicho kitabu kinachojadiliwa sana na wasiokisoma. Kilichapishwa kwa Kigiriki 1955, lakini tafsiri ya Kijerumani ilitangulia, na Aprili 1954 Vatikani ikakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Kazantzakis alijibu kwa telegramu yenye maneno ya Kilatini ya Tertullian, mwandishi wa Kikristo wa kale: kwenye mahakama yako, Bwana, nakata rufaa. Viongozi wa Kanisa la Ugiriki nao walimwandama. Huandikwa mara nyingi kwamba alitengwa na kanisa. Rasmi haikutokea, kwa kuwa Patriarki wa Konstantinopoli hakuliidhinisha.

Kosa kubwa la wasomaji ni kudhani kitabu kinasema Yesu alishuka msalabani akaoa. Tazama jinsi kilivyojengwa. Kina sura 33, kama miaka ya Yesu. Msalabani anapaza sauti, Eli, Eli, na anazimia kabla hajamaliza sentensi. Katika kuzimia huko anaona maisha ya kawaida: malaika anayejiita mlinzi wake anamshusha, anaoa, anazaa, anazeeka, anafurahia kivuli cha nyumba yake. Mwishoni wanafunzi wake wazee wanamjia, na Yuda anamkaripia kwa kukimbia kazi aliyotumwa. Ndipo anapozinduka, bado yuko msalabani, anamalizia sentensi ileile, lama sabakthani, na anashangilia kwa kuwa hakukimbia. Miaka yote hiyo ilipita katikati ya sentensi moja. Kwa hiyo jaribu ni faraja ya nyumbani, na kitabu kinasema lilishindwa.

Bado tunakiweka nyuma ya Manolios. Sababu ni kwamba sehemu kubwa kabla ya msalaba ni ndoto, mafumbo na majangwa, na Yesu wake, fundi seremala anayewachongea Warumi misalaba, anatetemeka kurasa nyingi. Anayefika hapo akiwa ameshamwona Manolios akipita njia ileile kijijini, ataelewa mtetemeko huo ni wa nini.

Jambo litakalokuudhi, ujue mapema

Katika riwaya hizi nne mwanamke anayetamaniwa hufa kwa mkono wa wanaume. Mjane katika Zorba anauawa na kijiji. Katerina anauawa na Aga. Emine, wa riwaya ya Krete, anauawa na Kapteni Michalis mwenyewe, akiwa usingizini. Magdalene anauawa hata ndani ya ndoto ya msalabani. Si bahati mbaya. Ni udhaifu wa falsafa yenyewe. Ukigawa dunia kuwa nyama inayovuta chini na roho inayopanda, kisha ukampa mwanamke upande wa nyama, hadithi itamchinja kila mara. Tunampenda mwandishi huyu na hatulifichi hili. Katerina angalau anachagua kifo chake: anajitwika kosa la mauaji ambayo hakuyafanya ili kijiji kipone. Ni sababu nyingine ya kuanza na kitabu hicho.

Ukitaka falsafa bila hadithi

Hapa uchaguzi ni kati ya Askitiki na Ripoti kwa Greco. Askitiki ni kitabu chembamba alichokiandika Berlin 1922 na 1923, kikachapishwa 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya Kimon Friar inaitwa The Saviors of God, ya 1960. Imejengwa kama ngazi: maandalizi yenye wajibu wa aina tatu, kisha safari inayoanza na nafsi, ikapanda kwenye taifa, wanadamu wote, dunia, halafu maono, matendo, na mwisho ukimya, sura aliyoiongeza baadaye. Wazo lake kuu ni kwamba Mungu hatuokoi. Sisi ndio tunaomwokoa kwa kupambana. Ukikisoma mara moja kama riwaya, jioni moja, utakuta ni kelele za nabii. Soma ngazi moja kwa siku.

Ripoti kwa Greco aliiandika mwishoni mwa maisha yake, akimwelekea mchoraji El Greco, Mkrete mwenzake. Ilitoka 1961, baada ya kifo chake, kutokana na rasimu ambayo hakuwahi kuisafisha. Ni tamu kuliko Askitiki na inafafanua kila kitu: utoto, baba mkali, Naxos, mlima Athos, Kristo, Buddha, Lenin, Odiseo. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa. Watu huinukuu kama wasifu. Mwandishi mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba sivyo. Amepanga upya safari na miaka ili maisha yaonekane kama mpando mmoja, na mke wake wa kwanza, Galatea Alexiou, mwandishi mwenye jina lake mwenyewe, waliooana 1911, karibu hayumo. Ukiandika makala juu yake, tarehe usizitoe humo. Chukua kwenye barua zake zilizokusanywa na Peter Bien.

Tafsiri na mitego ya majina

Zorba ina tafsiri mbili za Kiingereza. Ya Carl Wildman, 1952, haikutoka kwenye Kigiriki; ilitoka kwenye tafsiri ya Kifaransa. Ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya vitabu vya mitumba. Ya Peter Bien, 2014, imetoka moja kwa moja kwenye Kigiriki. Utaitambua kwa kichwa chake kidogo, The Saint's Life of Alexis Zorba. Kichwa hicho si pambo. Kigiriki kinasema Vios ke Politia, maneno yanayofungua vitabu vya maisha ya watakatifu, na kumpa mzee mpenda wanawake kichwa cha namna hiyo ndiyo hoja ya kitabu kizima. Tafsiri ya zamani iliitupa. Lakini kama unayo ya Wildman mkononi na huna pesa ya nyingine, isome. Zorba anapenya hata kupitia lugha mbili.

Neno moja la kulisikiliza: Zorba humwita msimulizi afentiko, na Kiingereza husema boss. Mswahili ana neno la karibu zaidi. Afentis ya Kigiriki ndiyo iliyoingia Kituruki ikawa efendi, na efendi ndiyo iliyotufikia sisi ikawa afande. Msikie Zorba akisema afande kwa kijana asiyejua kushika sururu, na utani wake utaupata sawasawa.

Bien ndiye pia aliyetafsiri jaribu la mwisho, 1960, na Ripoti kwa Greco, 1965. Manolios na Kapteni Michalis ni kazi ya Jonathan Griffin. Angalia majina kabla ya kulipa, kwa kuwa London na New York waliyabatiza vitabu hivyohivyo tofauti. Christ Recrucified na The Greek Passion ni kitabu kimoja, cha Manolios. Freedom and Death na Freedom or Death ni kimoja, cha Kapteni Michalis. God's Pauper na Saint Francis ni kimoja, cha Fransisko wa Assisi kama anavyosimuliwa na ndugu Leo. Kwa Kifaransa mambo ni rahisi: Alexis Zorba, Le Christ recrucifié, La Liberté ou la Mort.

Kinabaki utenzi wake, Odisea, uliochapishwa 1938, kazi aliyoiandika upya mara saba na kuiona kubwa kuliko riwaya zote. Una mistari 33,333, sehemu 24. Aliyezoea kuhesabu mizani atapenda kujua kwamba mashairi ya jadi ya Kigiriki huenda kwa mizani 15, naye akaweka 17, akajaza maneno ya wavuvi na wachungaji ambayo hata wasomi wa Athens hawakuyajua. Usiuguse kabla ya vingine. Ukifika wakati wake, tafuta tafsiri ya Kimon Friar ya 1958, fungua nyuma kwenye muhtasari, usome muhtasari wa sehemu moja, kisha sehemu yenyewe kwa sauti, halafu ufunge kitabu mpaka kesho.